Futi Kumi na Nne na Kitu Kidogo

Kyebando, Jumapili mchana

Nekesa, mama yangu,

Nimekaa kwenye benchi langu la kazi, nimesukuma randa na msumeno pembeni ili karatasi ipate nafasi. Wewe umeenda misa Lubaga na hujarudi. Mama yako yuko ndani anakunja nguo zako kwa mara ya tatu, na kila akikunja anakumbuka kitu cha kukuambia. Maji uchemshe. Chandarua ukichomeke chini ya godoro. Viatu vya ngozi usivivae siku ya matope. Hayo yote namwachia yeye, anayajua kuliko mimi, na najua ataendelea kukuambia mpaka gari litakapoondoka kesho asubuhi.

Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka minne mpaka bega likazoea, na bega likishazoea ni hatari, mtu anaanza kudhani ndivyo alivyoumbwa. Sijui kuandika barua ndefu. Niliachia darasa la saba kule Bungoma, na kalamu yenyewe nimeazima kwako. Nikikosea mahali utasoma tu, wewe umezoea kunisomea hata bili ya stima.

Nikikuita mama usidhani nakubembeleza. Una jina la mama yangu, na tangu uzaliwe nimekuita hivyo hata nilipokuwa nimekasirika. Ndiyo maana jambo hili linaniuma mara mbili.

Unakumbuka tulivyokuja Kampala. Vita vilikuwa vimeisha, na wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nyumba nyingi zilikuwa zimesimama kuta tupu, mabati yaling'olewa, milango iling'olewa, hata fremu za madirisha watu walikuwa wamepikia. Kwa fundi wa paa ilikuwa kazi mlango kwa mlango. Nilikuja na vipimo viwili kichwani, nilivyopewa na mzee aliyenifundisha kazi. Cha kwanza: tatu, nne, tano. Ukitaka kona iwe kona, pima futi tatu upande huu, nne upande ule, na kamba ya katikati ikisoma tano, kona yako imenyooka. Cha pili: tano, tano, saba. Tano kwa tano, ukipima kona kwa kona unapata saba.

Yule mzee alinipa vyote viwili kwa sauti moja, kama mtu anavyokupa funguo mbili za nyumba moja. Cha kwanza ni kweli, hakikosi hata unywele. Cha pili kiko karibu na kweli. Hakuniambia tofauti, na labda naye hakuambiwa. Nilipiga meza na vitanda na milango kwa tano-tano-saba miaka mingi sana, na haikunisumbua kwa sababu kwenye kitu kidogo pengo ni dogo, unasukuma, unapiga randa, unatia gundi, unasema kazi nzuri.

Halafu likaja kanisa letu dogo hapa chini. Kuta zilikuwepo, na mwashi alikuwa ameshainua zile kuta mbili za mwisho zenye ncha, boriti ya juu kabisa imelazwa tayari kutoka ncha hii hadi ncha ile. Kutoka ukutani hadi katikati ya jengo ni futi kumi, na kutoka usawa wa ukuta hadi boriti ni futi kumi. Kazi yangu ilikuwa mbao za kupanda kutoka ukutani mpaka kwenye boriti, kumi na sita upande huu, kumi na sita upande ule. Mbao zilikuwa zimechangwa na jumuiya nzima. Kuna mama mmoja alileta ubao mmoja, akaubeba kichwani mwenyewe kutoka Kawempe.

Tano kwa tano ni saba, basi kumi kwa kumi ni kumi na nne. Hata mtoto anajua. Lakini kwa sababu ni nyumba ya Mungu nikasema nihakikishe. Ilikuwa Jumamosi, wewe ulikuwa umekaa mlangoni unachambua maharage, uko kidato cha pili na shule zimefungwa.

Nikakuuliza, "Nekesa, kumi kwa kumi, kona kwa kona, ni ngapi?"

Ukaacha maharage, ukaenda kuchukua daftari, ukakaa nalo kitambo. Uliporudi ulikuwa umejaza ukurasa.

"Kumi na nne, nukta moja, nne, moja—"

"Niambie tu inaishia wapi."

"Haiishi, baba."

"Kila kitu kinaisha. Mimi nakata mbao, sikati hadithi."

"Kata futi kumi na nne na inchi moja na robo tatu, ukipunguza uzi kidogo. Itakaa. Lakini ukiniuliza namba yenyewe, haiishi."

Nikaona hapo nimekushika. Nikakuambia, "Theluthi pia haiishi. Sifuri nukta tatu tatu tatu, hata sisi tulifundishwa. Na theluthi ya futi naikata kila siku. Inchi nne, basi, imekwisha."

Ulicheka. Si kwa dharau, sasa najua, ulicheka kwa furaha kwamba baba yako amesema kitu cha maana. Ukasema, "Hiyo ni nzuri, baba. Theluthi inakataa kuisha kwa sababu tunaigawa kwa makumi. Ukibadilisha rula, ukagawa futi kwa kumi na mbili, inakaa kwenye alama. Shida ilikuwa rula. Hii nyingine haina rula. Gawa futi vipande mia, gawa milioni, vyote sawasawa, hakuna siku itaishia kwenye alama. Itaangukia katikati tu."

"Basi hujapata rula yenye alama ndogo za kutosha."

"Haipo, baba. Imeonyeshwa kwamba haipo."

"Imeonyeshwa na nani? Amewahi kupaua nyumba?"

Ukarudi kwenye maharage. Nami nikasikia kwenye kile kicheko chako kitu ambacho hakikuwemo. Nikajiambia, nalipa karo ili nichekwe mlangoni kwangu. Namba isiyoisha. Mimi mtu wa sala, najua kisichokuwa na mwisho ni kimoja tu, na hakikai kwenye mbao.

Jumatatu nikapima futi kumi na nne. Nikakata ubao wa kwanza, nikautumia kuchorea wa pili, wa tatu, mpaka thelathini na mbili. Sikupandisha hata mmoja kwanza kuujaribu. Fundi anayejifunza angeujaribu. Mimi nilikuwa nataka kuwa sahihi haraka.

Saa sita Ocen, msaidizi wangu, akapanda kwenye boriti. Unamjua Ocen na kile Kiswahili chake cha kambi ya jeshi. Tukaweka ubao mmoja upande huu na mmoja upande ule, akaangalia, akaangalia tena.

"Fundi, hawa wawili wamekosana. Wanatazamana tu."

"Vuta."

"Navuta nini? Mbao si mpira. Tuite padri awapatanishe."

Vijana wote wakacheka. Nikapanda mwenyewe. Pengo lilikuwa pale, upande huu inchi moja na robo tatu kasoro uzi, na upande ule vilevile. Nekesa, nilijua wakati ule ule. Sitaki ufikirie kwamba nilichelewa kujua. Nilitia kidole kwenye lile pengo na nikasikia sauti yako ikisema ukipunguza uzi kidogo.

Wakaja wa kamati ya kanisa. Mwenyekiti alikuwa Ssalongo, yule mzee Mganda wa duka la chumvi na sabuni. Tunamwita hivyo kwa heshima, kwa kuwa ni baba wa mapacha. Alisimama chini, akaweka mkono juu ya macho, akauliza kwa upole kabisa, "Fundi, kipimo ilitoka wapi?"

Wewe ulikuwa ndiyo unaingia na kikapu cha chakula chetu cha mchana. Nilikuona. Na nilikuwa juu, watu wote wananitazama, vijana bado wanacheka kicheko cha padri, na mbao thelathini na mbili za watu maskini zimelala pale chini zimekatwa.

Nikasema, "Mtoto ndiye alinipigia hesabu. Yuko senior two, nilimwamini."

Ulisimama. Uliweka kikapu juu ya matofali, ukakifunika vizuri na kitambaa nzi wasiingie, ukaondoka. Ssalongo akatikisa kichwa na kusema, "Watoto wa siku hizi, daftari nyingi." Watu wakacheka tena, lakini sasa hawakunicheka mimi. Na nikasikia nafuu. Hilo ndilo ninaloona aibu kuliko yote kuliandika, kwamba nilisikia nafuu, na nikashuka nikala kile chakula.

Tuliunga vipande vya mbao pale juu, tukapigilia misumari mingi. Mvua za kwanza paa likaanza kukaa vibaya, mvua za pili likavuja juu ya altare, na baadaye ikabidi lifanyike upya. Kila lilipovuja watu walikumbuka hesabu ya binti wa fundi.

Halafu ukaja ule mwezi wa kupeleka jina kwa masista, la mtoto mmoja wa kusomeshwa bweni mpaka kidato cha sita, kwenye shule yenye maabara na walimu wa kila somo. Jina lako lilikuwa la kwanza kwenye orodha, nilishaambiwa. Ssalongo akaja hapa hapa kwenye benchi. Alikuwa na haya. Akasema, "Fundi, usikasirike. Masista wanataka mtoto mwenye hesabu. Ya huyu wako bado kidogo. Tumeweka mwingine." Niliweza kusema. Hakukuwa na mtu mwingine, tulikuwa yeye na mimi na vumbi la mbao. Nikasema, "Sawa, Ssalongo, nimeelewa."

Hukuniuliza kamwe. Hukumwambia mama yako, nikawa nangoja umwambie, na hilo la kungoja lilinichosha kuliko kama ungesema. Ukaendelea na ile shule ya kutwa, ambayo mwalimu wa hesabu aliondoka katikati ya mwaka na hakuletwa mwingine. Nilikuona ukijisomea kitabu kisicho na jalada. Nilikutengenezea rafu ya vitabu. Unaikumbuka ile rafu? Ya mvule, niliipiga randa siku tatu. Uliniambia asante baba, ukaweka kitabu chako kimoja, nami nikajua kwamba umejua rafu ni ya nini.

Ukaacha kusali hapa kwetu. Kila Jumapili unapanda mpaka Lubaga, mji mzima unauvuka. Mwaka juzi nilikukemea mbele ya mama yako. Nilisema, kanisa liko hapo chini, unavuka mji kutafuta Mungu gani? Ukanijibu bila kuinua sauti, "Kule hakuna anayenijua, baba." Mama yako alidhani unataka kusali na watu wa mjini. Akakuita mwenye majivuno. Nami nilikuwa nimekaa pale pale nikanyamaza, nikakuachia na hilo pia.

Nililipeleka kwa padri wa wakati ule, kwenye kitubio. Akanipa sala, na akasema niende nikakuambie wewe na niwaambie wale niliowadanganya. Nikasali zile sala siku hiyo hiyo, nikazirudia mara mbili kwa usalama. Sehemu ile nyingine nikaiacha. Na Komunyo nimeendelea kupokea. Sijui nitajibu nini siku ya hukumu, labda nitanyamaza, nimeshakuwa na mazoezi.

Sasa nikuambie lililotokea mwezi uliopita, maana bila hilo labda ningekuacha uondoke hivi hivi.

Ulikuwa kwenye baraza na Akello, binti ya Ocen, unamfundisha kwa ajili ya mtihani wake. Mimi nilikuwa napiga msasa mguu wa meza, na nilipunguza msasa ili nisikie. Akello alikuwa anabisha kama nilivyobisha mimi.

"Aunti, kila namba ina sehemu yake. Hujaitafuta vizuri."

"Haya, tuseme ya kona kwa kona ya mraba ipo. Ni hii juu ya hii. Na tuseme tumeshaipunguza mpaka mwisho, haigawanyiki tena kwa mbili juu na chini. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Ile ya juu ukiizidisha kwa yenyewe, lazima iwe mara mbili ya ile ya chini ikizidishwa kwa yenyewe. Si ndivyo mraba unavyosema? Sasa kitu ambacho ni mara mbili ya kingine, kinagawanyika kwa mbili au hakigawanyiki?"

"Kinagawanyika."

"Basi ile ya juu ni shufwa. Witiri, ile isiyogawanyika kwa mbili, mara witiri haizai shufwa. Igawe kwa mbili, rudisha ndani, uone ya chini inakuwaje."

Nikasikia penseli, halafu Akello akasema polepole, "Ya chini nayo ni shufwa."

"Na tulisema nini mwanzoni?"

"Tulisema tumemaliza kugawa kwa mbili."

"Basi?"

"Basi tulidanganya mwanzoni." Akacheka. "Aunti, yaani haipo kabisa?"

"Hiyo sehemu haipo. Urefu upo. Huu hapa, unaukanyaga ukivuka chumba kutoka kona hadi kona. Ila hakuna sehemu ya kuutaja."

Niliacha msasa kabisa. Jioni ile nikachukua kipande cha plaiwudi, nikakata mraba wa futi kwa futi, nikapima kona kwa kona. Inchi kumi na saba, karibu sana. Nikachukua karatasi nikafanya kama ulivyosema. Saba juu ya tano: saba mara saba ni arobaini na tisa, na ilitakiwa hamsini. Moja imepungua. Kumi na saba juu ya kumi na mbili: inatoka mia mbili themanini na tisa, na ilitakiwa mia mbili themanini na nane. Moja imezidi. Nikatafuta kubwa zaidi, nikashinda siku mbili tatu kazini nikitafuta, Ocen akaniuliza kama nacheza kamari. Nikapata tisini na tisa juu ya sabini. Elfu tisa mia nane na moja, na ilitakiwa elfu tisa mia nane. Moja tena. Pengo lenyewe la ubao linapungua mpaka jicho halilioni, lakini ile moja haitoki. Na kwa maneno yako kwa Akello nikaelewa kwa nini haitatoka hata nikifa natafuta.

Basi nikaelewa zile namba zako mbili kwa namna ya fundi. Kuna namba ambayo ukipata rula yake inakaa kwenye alama: nusu, robo, theluthi, hata sehemu ya saba ambayo kwenye desimali inazunguka ikirudia yale yale kama mtu anayesali rozari. Inazunguka, lakini inarudi nyumbani. Na kuna nyingine ambayo hairudii na haiishi, na kosa si la rula wala la anayepima. Iko hivyo. Na bado ni urefu wa kweli, ubao unakatwa, paa linakaa, ukikubali kuandika karibu na kujua kwamba umeandika karibu. Mimi niliandika karibu nikaiita kamili. Halafu aliyejua tofauti nikamwita mwongo.

Unakwenda kuwa mwalimu. Sina la kukufundisha kuhusu ualimu. Nakuomba tu, siku mtoto atakapokujibu kitu usichokielewa mbele ya darasa, na wengine wakacheka, usiamue saa ile ile. Mwambie nitakujibu kesho. Mimi ningesema kesho kwenye ile boriti, neno moja tu, ungekuwa na miaka minne mingine kabisa.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na sentensi nzuri tayari. Nilitaka kukuandikia kwamba kosa langu ni kama ile namba yako, kwamba nitaomba radhi na kuomba radhi, nitakaribia na sitafika. Nimeifuta, alama unaiona hapo juu. Ni uongo mwingine wa kujificha. Kosa langu si namba ya aina hiyo. Linaandikika lote na linaisha. Uliniambia kipimo sahihi. Nilikata kipimo changu. Nilisema mbele ya watu kwamba kilikuwa chako. Nilinyamaza ulipopoteza nafasi ya masista, na nilinyamaza mama yako alipokuita mwenye majivuno. Ni hilo, hakuna desimali baada ya hapo.

Leo asubuhi nimelisema. Unajua desturi yetu hapa, anayesafiri kwenda masomo anaitwa mbele, watu wananyoosha mikono wanamwombea. Ulikataa, nami nilijua kwa nini, lakini katekista alikuwa ameshaliandika jina lako, akalisoma kwenye matangazo. Mama mmoja nyuma akasema, "Huyo wa Lubaga? Sisi hatumtoshi." Wakacheka kidogo.

Nikasimama. Nilianza kwa Kiganda changu kibovu, nikakwama, nikaingia Kiswahili, na Ocen akasimama kando yangu kunitafsiria. Alitafsiri vizuri mpaka nilipofika kwenye neno nilidanganya. Hapo akanigeukia, akaniuliza chinichini, "Hii niseme?" Nikamwambia sema. Alikuwa juu ya boriti siku ile, Ocen. Naye alinicheka, naye aliniamini. Akalisema.

Hakuna aliyenizomea. Ningependa wangenizomea. Katekista akasema tuimbe, tukaimba, lakini vibaya.

Ssalongo alinisubiri nje. Amezeeka, siku hizi anatembea na fimbo. Nilidhani ataniuliza habari za mbao. Akasema, "Fundi, mimi naamini wewe siku ile, unajua kwa nini? Wewe ni baba yake. Nani anaweza kusingizia mtoto yake?" Aliniuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua.

Halafu akasema jina la mtoto alilipeleka yeye kwa mkono wake, kwa hiyo na yeye ana lake la kukuambia. Alitaka kuja leo jioni na wengine kukuombea safari. Nimemwambia asije. Nimesema nyinyi hamna ruhusa ya kuja kumtwika mizigo yenu mtoto anayefunga wake. Ukimtaka, mtume Akello amwite, yuko dukani mpaka saa moja. Usipomtaka, hatakuja, na mimi sitakuuliza sababu. Mama yako naye ameshajua. Nilimwambia tuliporudi. Hajanisemesha tangu hapo, anakunja nguo.

Barua hii nitakupa mkononi ukiingia, nisije nikaitia kwenye sanduku ukaisoma ukiwa mbali nami niko salama hapa. Isome popote unapotaka. Sikuombi jibu, wala usinihurumie kwa sababu nimezeeka au kwa sababu ni siku ya kuaga.

Kesho nilipanga kukubebea sanduku mpaka stendi. Sasa sijui kama nina haki hiyo. Ocen atakuja saa kumi na moja na nusu alfajiri, anaweza kulibeba, nimeshamwambia. Mimi nitakuwa nimeamka, nimekaa hapa kwenye benchi. Ukiliacha sanduku karibu yangu nitalibeba. Ukimpa Ocen nitakaa pale pale nilipo, na nitakuombea nikiwa nimekaa, na ujue kwamba sitakasirika.

Mimi baba yako,
Wafula